Sonona: dawa ya puani, uyoga, sumaku au kikao cha jirani? Ulinganisho kwa watu wa Kigoma na Tabora

Mtu wa Mwanga, Kigoma mjini, anafika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni kwa bodaboda. Mtu wa Kalya anasubiri boti, na ziwa likichafuka anasubiri tena. Wote wawili wanaweza kuumwa sonona, wakasoma kwenye simu habari ile ile ya dawa mpya kutoka Marekani, lakini milango iliyo wazi mbele yao si ile ile. Kwa hiyo hapa siangalii tu tiba ipi ilifanya vizuri kwenye majaribio. Naangalia pia inataka nini ili ifanye kazi: mashine gani, mtaalamu wa ngazi gani, saa ngapi za kukaa chini ya uangalizi, na nauli ya mara ngapi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kwa mikoa hii miwili, utafiti mpya wenye faida kubwa si wa dawa. Ni ule wa tiba ya mazungumzo inayoendeshwa na watu wa kawaida waliofundishwa. Ketamini, dawa ya nusukaputi ambayo sasa inajaribiwa kwa sonona, naiweka ya pili, kwa masharti mazito. Uyoga wa njozi na mashine ya sumaku kwa sasa ni vya kusoma na kufuatilia, si vya kuuzia ng'ombe.

Kuna mgonjwa asiyehusika na ulinganisho wowote. Anayesema anataka kufa, anayeaga watu au kugawa vitu vyake, aliyeacha kula na kunywa, anayesikia sauti zinazomwamuru: huyo apelekwe hospitali leo, na asiachwe peke yake hata njiani. Nyumbani, dawa zote na sumu za shambani zitolewe mahali anapoweza kuzifikia. Wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua wanajua sumu hizo hukaa wapi: mara nyingi chini ya kitanda.

Vidonge vya zamani kwanza

Huwezi kusifia kipya bila kujua cha zamani kinafika wapi. Kwenye hospitali zetu majina utakayoyasikia ni mawili, amitriptilini na fluoksetini. Ya kwanza imetumika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ya pili ilikubaliwa Marekani mwaka 1987. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 522 yenye washiriki 116,477 na kulinganisha dawa 21 za sonona. Zote zilivishinda vidonge tupu visivyo na dawa, na iliyoongoza kwa nguvu ni amitriptilini, mzee wa kundi. Fluoksetini ilikuwa miongoni mwa zile ambazo wagonjwa hawakuziacha ovyo katikati ya safari.

Ushindi huo lakini ni wa wastani. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochukua watu zaidi ya 4,000, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2006, ulionyesha kwamba kwa dawa ya kwanza waliopona kabisa walikuwa takriban mmoja kati ya watatu. Wengine walibadilishiwa, wakaongezewa, wakabadilishiwa tena. Isitoshe, vidonge hivi huchukua majuma mawili hadi sita kuanza kuonyesha kazi yake. Maudhi huja kabla ya nafuu: kinywa kukauka, choo kugoma, kusinzia mchana kwa amitriptilini, kichefuchefu na wasiwasi wa siku za mwanzo kwa fluoksetini. Mapengo hayo mawili, waliobaki bila nafuu na majuma ya kusubiri, ndiyo yaliyowasukuma watafiti kutafuta kitu kingine.

Hapa naomba nikae kidogo, maana wengi wanaoniuliza habari za dawa mpya bado hawajaitumia ya zamani. Mtu anakuambia, "Amitriptilini nilishatumia, haikunisaidia." Ukimuuliza vizuri unakuta alipewa kidonge kimoja cha miligramu 25 usiku, akameza siku kumi, akaacha. Kiwango hicho kinatosha kumpa mtu usingizi au kupunguza maumivu ya mishipa. Kwa sonona, daktari huanzia hapo kisha hupandisha taratibu, mara nyingi hadi miligramu 100 au zaidi kwa siku, akiangalia moyo na umri wa mgonjwa. Kusema dawa imeshindwa kabla ya hapo ni sawa na kumeza nusu ya dozi ya dawa mseto ya malaria halafu ukalalamika kuwa mseto haufanyi kazi. Usijipandishie mwenyewe, tafadhali. Amitriptilini ikizidi hudhuru moyo na inaweza kuua, ndiyo maana kwa mtu mwenye mawazo ya kujidhuru hutolewa kidogo kidogo na kutunzwa na ndugu. Kwa kijana wa chini ya miaka 25, majuma ya kwanza ya dawa yoyote ya kundi hili yanahitaji macho ya karibu, kwa kuwa mawazo hayo yanaweza kuongezeka kabla ya kupungua.

Na kabla ya kidonge chochote, mwambie tabibu kama kuna kipindi ulichowahi kukaa siku kadhaa bila kulala na bila kuchoka, ukiwa na mipango kumi kichwani na fedha zikipukutika. Hiyo inaweza kuwa sonona ya upande wa pili, ile inayopanda na kushuka, na dawa hizi zikitolewa peke yake zinaweza kumrusha mgonjwa juu. Mtajie pia dawa nyingine unazotumia. Efavirenzi, iliyotumika miaka mingi kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, inajulikana kuwavuruga baadhi ya watu hisia zao.

Ketamini dhidi ya umeme wa kichwa

Ketamini si mgeni kwetu. Ni dawa ya nusukaputi, ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1962, ikakubaliwa Marekani mwaka 1970, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hospitali nyingi za wilaya Afrika huitegemea kwa upasuaji kwa sababu haizimi pumzi kirahisi kama dawa nyingine za usingizi. Kilicho kipya ni kuitumia kwa kiwango kidogo kwa mtu aliye macho.

Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapa wagonjwa wa sonona wasiofika kumi dripu ya ketamini na kuona nafuu ndani ya siku chache. Mwaka 2006 taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani ilirudia kwa wagonjwa 18 ambao dawa za kawaida zilikuwa zimewashinda. Baada ya siku moja, asilimia 71 walikuwa na nafuu kubwa. Siku moja! Anayejua kungoja majuma sita ya fluoksetini ataelewa kwa nini ulimwengu wa tiba ya akili ulisimama. Lakini soma na mstari wa pili: walioendelea na nafuu hiyo kwa juma zima walikuwa asilimia 35 tu. Dripu moja huinua upesi na huachia upesi, hivyo hurudiwa. Njia yake ni tofauti na ya vidonge: haianzi na serotonini, kemikali ya ubongo inayoguswa na vidonge hivyo, bali hufunga vipokezi vya kemikali nyingine ya ubongo iitwayo glutamati, na inadhaniwa kuwa baada ya hapo seli za ubongo huanza kuunganishwa upya.

Kutoka hapo ndiyo ikazaliwa dawa ya puani. Esketamini, ndugu wa ketamini, ilikubaliwa Marekani Machi 2019 kwa watu ambao dawa nyingine zimewashinda. Mpwa wangu mmoja aliniuliza, "Mama mdogo, hiyo ya kupuliza tuitafute duka gani la dawa?" Nikamwambia haiuzwi hivyo hata huko ilikotoka. Mgonjwa hupuliza mbele ya mhudumu, kisha hukaa akiangaliwa kwa saa mbili, shinikizo la damu likipimwa, na siku hiyo haendeshi gari. Mwanzoni ni mara mbili kwa juma. Hesabu sasa nauli ya kutoka Uvinza mara mbili kwa juma, na mtu wa kumsindikiza. Chombo kilichopewa kazi ya kuamua serikali ya Uingereza ilipie tiba zipi kiliipima na hakikuipendekeza. Kama Uingereza iliona hesabu haikai sawa, sioni ikikaa Kigoma.

Ketamini ya dripu, ile ya bei nafuu isiyo na hati miliki ya mtu, ina habari tofauti. Mwaka 2023 jarida la tiba la New England, Marekani, lilichapisha utafiti ulioipambanisha na tiba ya umeme wa kichwa, tiba iliyoanzia Rome mwaka 1938 na ambayo kwa miaka mingi imehesabiwa kuwa yenye nguvu kuliko zote. Baada ya majuma matatu, waliopata nafuu kwa ketamini walikuwa asilimia 55.4, kwa umeme asilimia 41.2. Tena waliopata umeme walisahau mambo zaidi.

Je, umeme umeshindwa? Kwa mgonjwa ninayemwogopea zaidi, hapana. Utafiti huo haukuchukua watu wenye sonona iliyoambatana na wazimu, yaani wanaosikia sauti au wanaoamini wameoza ndani, na hao ndio ambao umeme huwasaidia sana. Kwa hiyo: sonona sugu ya mtu anayejitambua, ketamini inaweza kushindana na umeme. Sonona ya mtu aliyeganda, asiyekula, asiyesema, au aliyepoteza uhalisia, umeme bado una nafasi yake ya kwanza. Sinema zimeutia ubaya, ila siku hizi hufanywa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi na misuli imelegezwa.

Kuna utafiti mwingine wa mwaka 2023, mdogo lakini wa kijanja, uliofanywa Stanford. Tatizo la majaribio ya ketamini ni kwamba mgonjwa anajua amepewa: kichwa kinaelea, kuta zinasogea. Anayejua amepata dawa anategemea kupona, na kutegemea peke yake huleta nafuu. Watafiti wakachukua wagonjwa 40 wenye sonona waliokuwa wanafanyiwa upasuaji wa mambo mengine, wakawapa nusu yao ketamini na nusu maji ya chumvi wakiwa wamelala fofofo kwa nusukaputi. Hakuna aliyehisi chochote. Nafuu? Makundi yote mawili yalipata, na hayakutofautiana. Wengine wanasema dawa za usingizi ndizo zilizoivuruga ketamini. Inawezekana. Mimi naona matokeo hayo yanatosha kumfanya mtu apunguze kelele.

Sharti langu kwa ketamini ni moja na sibadilishi: isitolewe mlango wa nyuma. Kwa kuwa ipo chumba cha upasuaji, kuna siku mtu atasema anaweza "kukuchomea kidogo" nyumbani au kwenye dispensari ya mtaani. Dawa hii hupandisha shinikizo la damu, huzoesha, na kwa wanaoitumia sana huharibu kibofu cha mkojo. Inayozungumzwa kwenye utafiti ni nusu ya miligramu kwa kila kilo ya uzito, ikiingia polepole kwa dakika 40, mtaalamu akiwa pembeni na vifaa vya kuokoa pumzi vikiwa tayari.

Uyoga na sumaku, kwa ufupi

Silosaibini ni kemikali ya aina fulani za uyoga unaoleta njozi. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2022, watu 233, uligawa viwango vitatu. Baada ya majuma matatu, waliopona kabisa kwa miligramu 25 walikuwa asilimia 29, dhidi ya asilimia 8 kwa miligramu 1. Kwa dozi moja tu, hilo si dogo. Kufikia juma la 12 waliodumu na nafuu walibaki kama mmoja kati ya watano, na mawazo ya kujidhuru yalijitokeza kwa baadhi ya washiriki wa makundi yote. Mwaka uliotangulia, utafiti wa London wa watu 59 uliilinganisha na esitalopramu, kidonge cha kawaida, na kwenye kipimo kikuu kilichopangwa tangu mwanzo tofauti haikuthibitika. Tatizo la kujua umepewa nini liko hapa pia, tena kwa ukali zaidi, kwa kuwa njozi za saa sita hazifichiki.

Australia iliruhusu madaktari bingwa waliosajiliwa kuiandika kuanzia Julai 2023. Kwingi kwingine bado imo kwenye daraja kali kabisa la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971. Na tusichanganye mambo: uyoga wa porini unaouzwa kwenye mabeseni Tabora msimu wa mvua ni kitoweo. Kwenda msituni kuokota uyoga usioujua ukitafuta tiba ya moyo ni kutafuta ini la kufa.

Sumaku ni hadithi safi zaidi kisayansi, maana mashine inaweza kufanywa ya uongo bila mgonjwa kugundua kirahisi. Koili, yaani waya uliozungushwa, huwekwa juu ya paji la uso upande wa kushoto na kutuma mapigo ya sumaku. Marekani iliikubali mwaka 2008. Utaratibu wa kawaida ni siku tano kwa juma kwa majuma manne hadi sita. Stanford wakabuni wa haraka, vipindi kumi kwa siku kwa siku tano, wakilenga mahali palipochaguliwa kwa picha ya ubongo ya kila mgonjwa. Kwenye jaribio lao la watu 29 dalili zilishuka kwa wastani wa asilimia 52.5 dhidi ya 11.1 kwa mashine ya uongo. Haina usingizi, haina kusahau. Inatisha tu kwa mwenye kifafa au chuma kichwani. Ningependa kuiona Bugando au Muhimbili siku moja. Kwa mtu wa Kibondo leo haibadilishi chochote.

Mama aliyejifungua

Huyu namtenga kwa sababu kwake tofauti kati ya njia mbili inaonekana wazi kuliko kwa mgonjwa mwingine yeyote. Agosti 2023 Marekani ilikubali zuranoloni, kidonge cha kwanza kukubaliwa mahsusi kwa sonona ya baada ya kujifungua. Humezwa usiku kwa siku 14 tu na nafuu huanza ndani ya siku chache. Husinzisha kiasi kwamba mama anakatazwa kuendesha gari, na bei yake ilipotoka ilizidi dola 15,000 kwa dozi nzima.

Upande wa pili, mwaka 2008 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya vijijini Pakistan na akina mama 903 wenye sonona. Wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wenye elimu ya sekondari ambao tayari walikuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba kwa ajili ya chanjo na uzazi, walifundishwa mbinu za kumsaidia mama kubadili namna anavyowaza juu yake mwenyewe, mtoto na watu wanaomzunguka. Miezi sita baada ya kujifungua, wenye sonona walikuwa asilimia 23 kwa waliotembelewa na wahudumu hao, na asilimia 53 kwa waliotembelewa na wahudumu ambao hawakufundishwa. Wahudumu wa aina ile ile, ziara idadi ile ile. Kilichoongezeka ni mafunzo.

Sihitaji kusema zaidi kuhusu ipi kati ya hizo mbili ingewezekana Kasulu. Kama mama wa mtoto mchanga halali hata mtoto akilala, hamshiki mtoto, au anasema mtoto angekuwa salama bila yeye, amwambie muuguzi wa kliniki ya mtoto siku hiyo hiyo ya kupima uzito. Na wakwe waache kusema ni uvivu.

Benchi, kikundi, na matendo

Kwenye tiba ya mazungumzo, Afrika ina ushahidi wa nyumbani. Mwaka 2003 ulitoka utafiti uliofanywa vijiji 30 vya Rakai na Masaka, Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wa Kagera. Vikundi vya wanawake peke yao na wanaume peke yao vilikutana mara moja kwa juma, dakika 90, kwa majuma 16. Viongozi walikuwa wenyeji waliofundishwa kwa majuma mawili. Hawakuchimba utoto wa mtu. Walizungumza msiba, ugomvi wa nyumbani, mabadiliko ya maisha na upweke, na kila mtu aliondoka na jambo la kujaribu kabla ya kikao kijacho. Mwishoni, waliobaki na sonona kubwa walikuwa asilimia 6.5, dhidi ya 54.7 kwa vijiji ambavyo havikupata vikundi.

Zimbabwe ilichukua njia ya mtu mmoja mmoja. Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha wahudumu wa afya wa mitaa ya Harare, wengi wao bibi, kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Vikao ni sita: taja matatizo yako yote, chagua moja, tafuta hatua ndogo, nenda kaifanye, rudi useme. Utafiti wao wa mwaka 2016, kliniki 24 na watu 573, ulikuta kwamba baada ya miezi sita wenye dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 kwa waliokaa benchini na 49.9 kwa wengine.

India, jimbo la Goa, walikwenda njia ya tatu: kumrudisha mgonjwa kwenye matendo. Sonona humfanya mtu aache shughuli, na kuacha shughuli humzamisha zaidi. Mshauri asiye daktari humsaidia kupanga tena kitu kimoja kimoja, kuanzia kuoga na kwenda sokoni. Kwa watu 495, matokeo ya mwaka 2017: waliopona asilimia 64 dhidi ya 39.

Nani achague nini hapo? Mwenye tatizo linaloshikika, deni la kikoba, shamba linalogombewa, mume aliyehamia kwa mwingine, benchi linamfaa. Aliyefiwa au aliyejitenga, kikundi. Aliyelala ndani miezi mitatu bila kujua tatizo lake ni nini, matendo. Huo ni uamuzi wangu wa kazini, si kanuni ya utafiti.

Kigoma nako kumefanyika kazi ya aina hii. Katika kambi ya Nyarugusu, watafiti wakiwemo wa Muhimbili walijaribu mpango ulioitwa Nguvu kwa wanawake wakimbizi wa Kikongo waliofanyiwa ukatili na wenza wao na waliokuwa na dhiki kubwa ya moyo. Uliunganisha vikao vya kikundi vya kupima mawazo yanayomkandamiza mwanamke na ushauri wa namna ya kujilinda. Ulikuwa utafiti wa kupima kama kazi inawezekana kabla ya kupima nguvu yake, kwa hiyo usiutaje kama ushahidi wa tiba. Lakini umeonyesha kwamba mazungumzo haya yanaweza kufanyika kwa Kiswahili, kambini, na wawezeshaji wasio madaktari.

Nisiwe mkali kwa ketamini peke yake. Anayehudhuria benchi naye anajua anahudhuria, na asilimia zile nzuri zinatokana na kulinganishwa na watu waliopata huduma ya kawaida, ambayo mara nyingi ni kidogo sana. Kuna na jambo la siri. Mjini Harare bibi wa benchi anaweza asijue ukoo wako. Kijijini Buhigwe anamjua hadi shangazi yako. Wawezeshaji wa kikundi ningependa watoke kitongoji kingine. Na bibi wa Harare walikuwa waajiriwa wa idara ya afya ya jiji. Anayedhani kazi hii itadumu kwa kujitolea na fulana ya mradi hajawahi kuona mradi ukiisha.

Ukiwa wewe ndiye unayechagua

Mwalimu wa Tabora mjini, dalili za wastani, analala kwa shida ila kazini anaenda: aanze na vikao vya ushauri Hospitali ya Kitete au kwa afisa ustawi wa jamii aliyefundishwa, pamoja na kutembea kwa mwendo wa haraka. Mazoezi nayo yana ushahidi. Uchambuzi wa mwaka 2024 wenye tafiti 218 uliyakuta yanapunguza sonona, hasa kutembea, kukimbia na kunyanyua vitu vizito. Mkulima anayepiga jembe kutwa asiambiwe akafanye mazoezi, tafadhali.

Mgonjwa wa Kalya au Sikonge ndani ndani, dalili nzito: fluoksetini kwa sababu ni kidonge kimoja asubuhi na si hatari kama amitriptilini ikizidi, dawa ya mwezi mzima kila safari, na simu ya muuguzi katikati. Akipona aendelee miezi tisa hadi kumi na miwili kabla ya kuacha, tena kwa kupunguza.

Aliyetumia dawa mbili kwa dozi kamili na muda kamili bila nafuu, huyo ndiye hasa wa kuomba rufaa kwenda Bugando, Muhimbili au Mirembe, Dodoma, ambako treni ya Kigoma hupita. Akifika aulize waziwazi juu ya umeme na juu ya ketamini ya dripu. Aende na karatasi yenye majina ya dawa, viwango na tarehe. Bila karatasi hiyo ataanzishwa upya.

Na ukialikwa kushiriki utafiti, usikatae kwa woga wala usikubali kwa nauli. Uliza kama una kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kama ni wa dawa, cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Uliza kama unaweza kuangukia kundi la kidonge tupu, na watafanya nini hali yako ikiwa mbaya ukiwa humo. Uliza kama dawa ikikusaidia utaendelea kuipata utafiti ukifungwa. Unaweza kujitoa siku yoyote na huduma yako ya kawaida isiguswe. Fomu ya ridhaa isomwe kwa Kiswahili au kwa Kiha, nakala moja ibaki kwako, na namba ya simu ya mtafiti mkuu iwe imeandikwa hapo.